Kura ya Bi Bozhena

Bi Mahfoudha, mshauri wetu wa redioni, nakuandikia kutoka Maskati unisaidie, na jina langu tafadhali usilitaje hewani, maana nnaona haya hata kushika kalamu. Mwaka 1964 nilikuwa nikisoma Praha, Ulaya kwa wakomunisti, nimepanga chumba kwa Bi Bozhena, mjane, mwalimu wa piano, akinipikia kama mwanawe, na siku ya uchaguzi nikamsindikiza, na uchaguzi wa kule, Bi Mahfoudha, unapewa karatasi yenye majina ya chama yameshapigwa chapa, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni mbele ya wakubwa, basi, na pembeni pana pazia kwa anayetaka kukata jina, lakini nani ataingia, ukiingia tu wameshakuona, ndiyo maana chama kinapata kura tisini na tisa katika kila mia. Bi Bozhena akaingia! Walipomuuliza, akasema alikuwa anatafuta miwani yake.

Nyumbani jikoni akatuambia huku anacheka, mimi na dada yake, Vlasta: "Nimelikata jina lao." Hakuna mwengine aliyesikia. Baada ya wiki mkubwa wa kamati ya mtaa akaniita, akanambia ruhusa yangu ya kusoma itatazamwa upya, na kwetu Unguja kumeshapinduka, sina pa kurudi, kisha akaniuliza, hivi ile miwani ilipatikana? Nikasema yote. Wakamtoa skuli, wakamtia kuosha sahani mkahawa wa stesheni.

Sasa ni 1969, nna kazi, nna mke, Hind, na juzi imenifika barua ya Bi Bozhena. Vlasta mgonjwa sana, anamwita, naye hataki kwenda, miaka mitano hasemi naye, "maana tulikuwa watatu tu, na wewe mwanangu siwezi kukudhania." Hind akaniuliza mbona nalia, nikasema vumbi. Na baba yangu mwenyewe, wallahi, kakimbia Unguja kwa sababu jirani alimnyooshea kidole kuwa kachagua chama kilichopinduliwa. Niseme? Akinichukia je?

JIBU

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikakasirika. Ulikuwa kijana, umetishwa, huna kwenu, hayo nakubali. Lakini tangu ufike Maskati, nani alikutisha?

Akikuchukia? Akuchukie, haki yake! Wewe huogopi yeye kuumia, unaogopa asikwite tena mwanangu. Mama wa watu aliingia nyuma ya pazia wote wakimtazama, na wewe unatetemekea kipande cha karatasi. Yule jirani wa baba yako, ungependa leo amwambie nini? Basi yaseme hayo hayo.

Barua itachelewa na mgonjwa hangoji. Nenda leo ukapeleke telegramu. Uchaguzi usiutaje, wala kamati, wala miwani, maana kule telegramu husomwa na wakubwa, usije ukamtia matatani mara ya pili. Sema tu: Vlasta hana kosa, niliyesema ni mimi, nenda kwa dada yako. Msamaha utauomba baadaye, kwa barua, wala usidai jibu. Na Hind umwambie kabla hujatoka, asije akadhani tena ni vumbi.

Jina lako sikulitaja hapa, kama ulivyoomba. Kwenye telegramu litie lote, mpaka la baba yako.