Bomba Linalojisafisha

Nyumbani kwa kaka yako, 3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Sisi huku uzima tunao, Mungu ni mwema, ila nina la kukuuliza, na sababu yake ni kaka yako.

Kiwandani kwetu bomba ni moja. Leo linapitisha samaki wa kusaga, kesho rojo la nyanya. Zamani, kabla ya kubadilisha, tulilifungua kipande kwa kipande tukalisugua. Tangu kaka yako awe msimamizi, kusugua kumekuwa kupoteza wakati. Anasukuma nyanya nyuma ya samaki, anamwaga ndoo ya kwanza, na ya pili ikitoka nyekundu anasema, "Bomba linajisafisha lenyewe." Bosi kampigia makofi. Sasa wanamwita Injinia, naye anaitika.

Wifi, mimi ndiye ninayesimama na makopo pale mdomoni mwa bomba. Nyanya inatoka nyekundu, lakini inanuka kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo. Nimesema, wenzangu wakanicheka: "Mama Pacha, una mimba nyingine?" Kwa umri huu.

Wewe kazi yako ni kupima jinsi marojo yanavyotiririka. Niambie, kasoro ni pua yangu?

Wifi yako,
Mama Pacha

Nyumbani kwa Mama, 14 Machi

Mama Pacha,

Hamjambo huko? Mama mzima, macho tu ndiyo yanayozidi kufifia. Anaisubiri katoni ya nyanya aliyoahidiwa na mwanawe. Anamsifu mpaka majirani wamechoka.

Pua yako ni nzima. Kaka anadhani nyanya inakwangua bomba ikipita. Haikwangui. Rojo zito si maji: ukilisukuma kidogo linakaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Ukilisukuma kwa nguvu linaondoka zimazima, na linapogusa ukuta laini linajitandikia utando mwembamba wa majimaji yake, kisha linateleza juu yake kama mtu aliyekanyaga sabuni. Uchafu ulioganda ukutani unabaki palepale. Hata sisi wapimaji kuteleza huko kumetudanganya: chombo cha kupimia kinasema rojo ni jepesi, kumbe halijatiririka, limeteleza tu. Mpaka tubandike msasa kwenye vyuma vya chombo hicho ndipo linaposhika na kusema kweli.

Usibishane naye, unamjua. Tafuta mpira wa maji unaoonyesha ndani, mpake samaki humo, mwache akauke, kisha sukuma nyanya. Aone kwa macho yake.

Wifi yako mkorofi

Nyumbani kwa kaka yako, 29 Machi

Wifi,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi usinijulie hali.

Nimefanya ulivyosema, mezani, mbele yake. Nyanya ilipita yote kwa pamoja kama gogo. Ilipokwisha kutoka, samaki alikuwa bado kang'ang'ania pembeni, kijivu, ananata. Aliuinua mpira, akauchungulia ndani. Halafu akasema, "Huo ni mpira. Bomba ni chuma."

"Chuma ndicho laini zaidi," nikamwambia.

"Umeanza lini kuwa fundi?"

Akafungua kopo la kiwandani, akalimimina kwenye sahani, akaniambia nisali kama kawaida yetu. Nikafumba macho. Nikasema, "Baba, tubarikie," harufu ikaniingia kooni, nikakimbilia nje nikatapika. Nitamwombaje Mungu abariki kitu ambacho nimekiona kikitoka pale? Tangu siku hiyo mkono wake ukinigusa najisikia kichefuchefu. Namwomba Mungu aniondolee, bado hajaniondolea.

Katoni ya Mama imeshaondoka na lori. Wifi, wahi.

Mama Pacha

Nyumbani kwa Mama, 20 Aprili

Mama Pacha wangu,

Mama hajambo, kwa sababu hakula. Barua yako ilifika baada ya katoni. Nilimkuta ameshafungua kopo, kijiko mkononi, anauliza, "Nani kaanika samaki ndani ya nyumba?" Nilimnyang'anya. Amelia, eti namwonea wivu mwanawe.

Makopo nimeyafukia. Moja nimempa dereva wa lori amrudishie kaka, na kikaratasi: "Hili ni la Mama. Lisalie wewe, kisha ule."

Wifi yako

Nyumbani kwa kaka yako, 6 Mei

Wifi yangu,

Mpe Mama pole yangu, umbusu.

Kopo lilifika juzi. Kaka yako alikisoma kile kikaratasi akiwa amesimama. Akaketi, akafungua, akashika kijiko, akaanza kusali. Alipofika mahali pa kumtaja Mama, sauti ikakatika. Amina haikutoka. Akasukuma sahani.

Jana asubuhi alizima mashine, akachukua spana, akafungua bomba kwa mkono wake mbele ya wote. Wifi, sitaki kukuandikia kilichokuwa mle ndani. Kilikuwa kinachezacheza. Wale walionicheka ndio waliokimbia wa kwanza.

Aliporudi alinawa mpaka sabuni ikaisha. Akasema, "Mke wangu, niliteleza."

Nikamwambia, "Iliyoteleza ni nyanya. Wewe ndiye uliyeganda."

Leo kavaa shati lake la ibada, kaenda kwa bosi kumwambia makopo yote yarudishwe, hata yaliyokwisha kufika madukani. Huenda akarudi hana kazi, nami pia. Jua limeinama na bado hajarudi. Nimeandaa meza, chakula nimekifunika. Sala sijasema. Namngoja aiseme yeye, na leo afike kwenye amina.

Wifi yako,
Mama Pacha