Kibao Kimoja, Pikipiki Mbili

Jumatatu, 13 Mei

Theluji imeyeyuka, matope bado. Njia za msituni zimefungwa mpaka tarehe mosi Juni. Normand amebandika tangazo dukani kwa herufi kubwa utadhani sisi vipofu. Yeye ni mwenyekiti wa klabu ya pikipiki. Mimi ni mlinzi wa njia, kazi ya kujitolea – yaani kizibao cha njano, kahawa ya bure, na kununiwa na binamu. Naendesha basi la shule asubuhi na jioni, nanuniwa Jumamosi. Ndiyo maisha.

Sasa habari yenyewe. Jana mtu kapita na pikipiki ya magurudumu manne katikati ya shamba la Bi Huguette. Njia imefungwa! Kagonga ua, kaangusha nguzo, katokomea. Mitamba ikatoka barabarani. Lori la magogo likafunga breki, mtamba mmoja pua kwa pua na taa za lori. Normand anasema dereva alitetemeka mpaka akashindwa kuwasha sigara.

Bi Huguette anafunga geti. Kwa mnyororo. Mpaka aliyefanya hivyo ajitokeze, na mpaka kila anayepita aonyeshe namba ya usajili na bima ya ile mashine aliyoikalia, si nyingine.

Na ana haki! Njia inapita kwake kwa hisani tu. Marehemu mumewe alimpa Normand mkono nje ya kanisa, na mkono ule ndio mkataba wetu wote. Upande huu kijiji, upande ule ziwa na vibanda vya watu. Pembeni kinamasi. Hakuna pa kuzungukia.

Namfikiria Baba. Nyonga yake imekwisha, upasuaji ni Julai. Kabla ya kisu anataka kwenda kibandani kwake ziwani, alichokijenga mwenyewe gogo kwa gogo. Kutembea hawezi. Geti likifungwa mwaka huu, na kwa umri wake, sijui kama ataliona tena ziwa lile. Sitaki hata kuwaza jambo hilo.

Jumatano, 15 Mei

Nimepita kwa Bi Huguette baada ya kushusha watoto. Hakunikaribisha ndani. Tuliongea pale pale uani, koti la zizini mwilini, ndoo mkononi.

Anasema hakumwona sura aliyepita, alivaa kofia ngumu. Rangi ya pikipiki hakuiona, ilikuwa tope tupu. Lakini ilimjia uso kwa uso, na kibao cha namba mbele kilikuwa safi.

"Namba nimeisoma, Solange. Nasoma namba za masikio ya ng'ombe tangu niolewe, itanishinda ya pikipiki?"

Akanitajia.

Ni ya Baba.

"Normand kaniambia nimekosea," akasema. "Eti pikipiki nyekundu ya baba yako Ovila iko gereji, injini iko mezani. Kweli?"

Kweli. Nyekundu iko gereji. Nikasema kweli, nikaondoka haraka kama mwizi wa kuku. Sikusema uongo hata neno moja na bado uso uliniwaka moto.

Maana Baba ana mashine mbili. Nyekundu ina usajili na bima. Buluu, aliyoichukua kwa marehemu binamu Aurel, haina kitu. Kibao ni kimoja, kimefungwa kwa nati za kufungua kwa vidole. Mashine inayotoka ndiyo hukivaa. Si Baba peke yake! Nusu ya kijiji wanafanya hivyo. Watu wanaamini bima inakaa kwenye kibao, kama baraka kwenye msalaba – popote unapokitundika, inakuja nacho.

Alhamisi, 16 Mei

Buluu imeoshwa. Inang'aa! Mwezi wa Mei!

"Umeiosha, Baba."

"Ilikuwa na vumbi."

"Vumbi? Matope yamefika magotini!"

Akasema alitaka tu kuona kama barafu imevunja gati la kibandani. Akaenda, akarudi, jua likampiga machoni, na hiyo nguzo haikuwa pale miaka yote.

"Ilikuwa pale kabla sijazaliwa!"

"Basi imesogea." Kisha: "Nyekundu haina injini, mwanangu. Mtu akiuliza, ushahidi ndio huo."

"Mimi sisemi uongo."

"Nani kakuomba useme? Nimekuomba unyamaze."

Nilibamiza mlango. Nimelia ndani ya basi tupu, kisha nikaenda kuwachukua watoto. Nampenda yule mzee kuliko mtu yeyote duniani na leo ningempiga na kikaango.

Jumapili, 19 Mei

Kifungua kinywa cha ukumbini baada ya misa. Maharage, chapati za maji, sharubati ya mepo, ile nzito ya utomvu wa mti. Ukumbi umejaa, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

Normand akasimama na uma mkononi. Pendekezo: klabu imwambie Bi Huguette kwa heshima zote kwamba alisoma vibaya, jua lilikuwa machoni, yaishe. Walivyokubali upesi! Mikono juu hata kabla hajamaliza. Wenye vibao vya kuazimana ndio walioinua miwili.

Mkono wangu ulibaki mezani. Mdomo nao haukufunguka. Mlinzi wa njia!

Ndipo Mireille, wakala wa bima, akafuta mdomo. Huwa haongei, anakula. Akasema: bima ni ya mashine, siyo ya kibao. Inafuata namba iliyogongwa kwenye fremu. Ukivalisha mashine nyingine kibao hicho, umepanda mashine isiyo na bima hata chembe. Yule dereva wa lori angekufa Jumapili iliyopita, mwenye pikipiki angedaiwa mpaka nyumba.

Kila uma ukasimama hewani.

Mtu mmoja akauliza, na shambani kwangu mwenyewe? Mireille akajibu: kwako panda upendavyo, hata uchi. Ukitoka nje ya mpaka wako, hata kuvuka mtaro, unahitaji usajili na bima. Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Baba alikuwa anamwaga sharubati juu ya chakula. Akamwaga, akamwaga, mpaka sahani ikafurika. Kisha akachukua fimbo akatoka. Sahani imejaa! Sijawahi kumwona Baba akiacha chakula. Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama alizoea kusema, na nilitaka kumkimbilia nimwambie. Nilikaa. Kuna mambo mtu hasukumwi.

Jumatatu, 20 Mei

Sikukuu, hakuna shule. Baba alipiga simu kabla sijanywa kahawa.

"Nipeleke kwa Huguette."

Basi. Maneno matatu. Niliendesha bila kupumua.

Alinikataza kushuka. Nikabaki garini na visubi, mwaka huu vimewahi, vinauma nyuma ya masikio. Nikamtazama anavyopanda ile njia na fimbo, hatua, pumzi, hatua. Akavua kofia. Akasema kitu. Bi Huguette akashika kiuno. Baba akaongeza kitu kirefu zaidi. Kisha wote wawili wakaingia ghalani!

Sikuvumilia. Nikashuka.

Ghalani Bi Huguette alikuwa amefunua turubai, anamwonyesha Baba pikipiki ya marehemu mumewe. Haina kibao. Bi Huguette huipanda kila siku kwenda kuchukua barua. Sanduku la barua liko ng'ambo ya barabara.

"Nilidhani shamba ni langu, basi yatosha," akasema.

"Shamba ni lako," Baba akamwambia, taratibu. "Barabara si yako, Huguette. Mireille kasema hata mtaro."

Nilifikiri atamtimua. Bi Huguette akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akafuta macho. Kumbe yeye naye! Kila siku, kwa miaka, na barua ya bima ya ng'ombe mkononi!

Lakini alipomaliza kucheka hakulegea. Sura ikarudi kuwa ya mwenye shamba. "Ua ni mbao tu, Ovila. Mbao zipo. Nilichokuwa nasubiri ni mtu aje asimame hapo uliposimama. Wiki nzima! Mnapita kwangu tangu tuko vijana, halafu mnaniambia eti sijui kusoma?"

Baba, kofia mikononi, anaizungusha. Masikio mekundu. Akasema tu, "Samahani." Sikumbuki lini nililisikia neno hilo kinywani mwake.

Masharti yanabaki. Tarehe mosi atafungua, na atasimama getini mwenyewe. Kila mashine na kibao chake na bima yake. Wa kuazima hapiti, hata awe askofu.

Tumeinua nguzo jioni. Baba kwenye kigoda, misumari mdomoni, anaamrisha. Mimi na nyundo. Bi Huguette anakosoa wote wawili. Mikono inaniuma. Nimefurahi! Acha niandike tena: nimefurahi.

Jumatano, 29 Mei

Kijiji kimeshikwa na homa ya usajili. Kule mjini foleni imetoka nje ya mlango wa ofisi. Normand – mwenyekiti wetu! – ana mashine nne na kibao kimoja. Alijificha nyuma ya gazeti nilipoingia. "Nimemsindikiza shemeji," akasema. Shemeji yake yuko mbali, Quebec.

Buluu ilitusumbua. Hakuna hati ya kuuziana, Aurel alimpa Baba kwa kupeana mkono tu, kama kila kitu hapa. Tukaenda kwa mjane wake, akatia sahihi, akalia kidogo, akatupa mkate. Sasa Buluu ina kibao chake mwenyewe. Baba amekifunga kwa boliti na kuikaza kwa spana mpaka ikalia. "Sasa aje wa kukiazima," akasema.

Imebaki bima. Tulikaa mbele ya Mireille. Kampuni inauliza umri, Baba akajibu. Inauliza afya, akataja nyonga. Inauliza ajali za karibuni – nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akataja! Ua, mitamba, lori, kibao cha kuazima, vyote, kwa utaratibu kama anaungama. Mireille akaacha kuandika, akamtazama, kisha akaendelea kuandika.

Nje nikamfokea. "Kwa nini yote, Baba?"

"Waliuliza."

"Wakikukataa?"

"Watakuwa wamemkataa mwenye pikipiki hii. Nikisema uongo wakanikubali, wamemkubali nani?"

Nimepika supu ya mbaazi, tukala na mkate wa mjane.

Ijumaa, 31 Mei

Bado. Kampuni haijajibu. Mireille anasema ofisi iko wazi kesho mpaka saa sita mchana, atapiga simu, iwe ndiyo au hapana. Jua kali siku nzima, njia imekauka. Baba amefungasha ndoano na kikaango.

Jumamosi, 1 Juni

Naandikia getini, juu ya boneti ya gari.

Saa tatu Bi Huguette alifungua kufuli mbele ya watu wote. Kisha kazi ikaanza, mmoja mmoja. Kibao. Bima. Namba ya fremu, aliinama kuisoma kwa tochi! Normand akajaribu mzaha. "Cheka ukishapita," akaambiwa. Mmoja alirudishwa nyumbani na kibao cha mkewe, watu wakampigia makofi mpaka kwenye kona. Waliobaki wakapita, honi, vumbi, petroli, mbwa mmoja ndani ya kikapu, wote wakamezwa na msitu kuelekea ziwani.

Baba hakupita. Simu haijalia.

Tena hakuja akiendesha. Alitaka Buluu ije kwenye trela yangu, imefungwa kamba. Yeye! Ameweka kiti cha kukunja kando ya barabara, fimbo magotini.

Geti wazi. Shamba tupu. Bi Huguette akatazama huku, akatazama kule.

"Ovila, pita bwana. Shamba langu, ruhusa yangu. Nani atakuona?"

"Mara ile ulikuwepo ukaniona. Yatosha."

"Una kichwa kigumu, mzee wewe."

"Kilikuwa kigumu upande ule. Nimekigeuza."

Na mimi, na kizibao changu cha njano, nilikuwa nimeshaanza kufungua kamba za trela. Fundo la kwanza lilishalegea. Angeitikia kwa kichwa tu, ningemshushia mashine, naapa kwa Mungu. Hakugeuka. Nikalikaza tena.

Bi Huguette akaenda ndani akarudi na kiti chake. Amekiweka upande wake wa geti, Baba yuko upande wa barabara, mkate na jibini kati yao juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anamwonyesha yule mtamba aliyeponea chupuchupu, mwenye doa usoni. Amempa jina.

"Nimemwita Bima."

Baba alicheka mpaka nikampiga mgongo.

Saa sita inakaribia. Simu yangu iko juu ya trela, hakuna anayeitazama, sote tunaisikiliza. Sasa hivi ameniita nimletee kofia yake ngumu.

"Ya nini, Baba? Hatujajua bado!"

"Lete tu."

Nimempelekea. Ameivaa, amefunga na mkanda wa kidevuni. Amekaa pale kitini, kofia kichwani, anakula mkate kwa shida, anaitazama njia.