Kicheko Walichokikata

Songea, 6 Juni 1994

Mtumwa wangu Daimu,

Salamu nyingi. Hujambo wewe na mkeo Mwanahawa? Sisi tupo, ila mama kifua hakimwachi. Anakutaja kila siku. Anakumbuka mazishi ya baba, ulivyolala ndani ya kaburi ukagoma kutoka, ukidai Mngoni mchoyo namna ile atafufuka kufuata shuka lake aliloliacha nyumbani. Anasema alicheka akasahau kulia. Siku yake anataka umtukane zaidi. Nimemwambia basi afe kwanza tuone.

Mkanda wa mazishi yale nimewaazima Walinzi wa Asili, vijana wa mashati meusi waliofungua banda la video karibu na soko. Kiingilio bure. Wanasema wanakusanya mila zetu.

Mtani wako,
Rupert

Nalasi, 20 Juni 1994

Mtumwa wangu Rupert,

Alhamdulillahi, tu wazima, mikorosho imeanza kutoa maua. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie asife kabla sijavuna, nauli sina. Huyo mwenye banda asiyetaka kiingilio anataka kitu kingine. Ufuate mkanda.

Mtani wako,
Daimu

Songea, 17 Julai 1994

Daimu ndugu yangu,

Natumaini hamjambo. Mimi sina raha. Nilikwenda bandani. Wanaanza na picha ya karate, halafu wanaweka mkanda wao: vijana wanapiga kwata, ngoma inaunguruma, hata mimi mwili ulinisisimka. Mara ukatokea wewe, umelala kaburini mwa baba. Kicheko cha watu wamekikata, na cha mama pia. Yamebaki matusi yako peke yake, na sauti inasema tazameni wageni wa Tunduru wanavyowadharau wafu wetu. Vijana waliokulia kwenye utani huu huu wakainuka kuandikisha majina. Nikapaza sauti kwamba huyo ni mtani wetu. Wakanitoa nje.

Mkanda hawarudishi. Juzi Mussa, yule wa kwenu anayeuza samaki, wamemvunjia meza sokoni. Mama anasema uje hata hivyo. Mimi nasema usije.

Mtani wako,
Rupert

Songea, 2 Agosti 1994

Daimu,

Nampa kondakta barua hii. Mama ametutoka alfajiri. Tunazika Alhamisi. Sasa sijui nikwambie nini.

Rupert

Nalasi, 9 Agosti 1994

Ndugu Rupert,

Pole sana kwa msiba. Mwanahawa naye anakupa pole.

Nilikuja. Hukuniona, nilikaa nyuma na watu wa Lusewa, kofia nimeiacha nyumbani nisijulikane ni wa wapi. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa napanga maneno ya mama, mabaya kwelikweli, angeyapenda. Jeneza lilipofika kaburini nikainuka. Nikawaona wale wa mashati meusi, mmoja na kamera begani, ananitafuta mimi au mwingine yeyote wa kwetu. Nikakaa.

Nina uchungu, Rupert, na ninajionea haya kwa kuogopa. Watu walilia mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyewakatiza. Mama amezikwa kama mtu asiye na watani.

Wako,
Daimu