Joho la Jolchu

Kok-Jar, Naryn
27 Septemba 2019

Mpendwa mjukuu wangu Kubat,

Hujambo huko Moscow? Kifua kimepona, au bado unafuka moshi kama bomba la jiko? Mimi mzima, ni magoti tu yanayonitesa. Dada yako hajambo, na maziwa ya farasi mwaka huu tumekunywa mpaka tukayakinai.

Sasa nisikilize. Nasikia ulimwambia dada yako kwenye simu kwamba unakuja na wenzako watatu kuchoma mazizi ya watu wa bondeni. Mjinga wewe. Umepata nusu ya habari.

Unajua hatushushi mifugo kutoka malisho ya mlimani mpaka wakulima wa bondeni watupandishie mkate wa shayiri mpya, ndiyo tujue wamekwisha vuna. Safari hii alikuja mtu na mkate, baba yako akaumega, akang'oa hema. Hakuuliza. Kumbe ulikuwa mkate wa sadaka, mtoto wa aliyeuleta alikuwa amepona homa. Kondoo mia tatu wakaingia kwenye shayiri iliyosimama, haijavunwa.

Wakulima wakatujia na majembe. Baba yako akampasua mmoja kichwa kwa mjeledi, damu ikamziba macho. Jolchu, mwenye shamba, akamchoma baba yako kwa uma wa kukusanyia nyasi, jicho la kushoto likatoka palepale. Farasi wetu mwekundu wakamkata mishipa ya miguu, akawa anajikokota na kulia mpaka nikamchinja mwenyewe. Nami nikamng'oa Jolchu meno mawili kwa jiwe. Sijutii.

Jumapili Jolchu akaja na wazee, mdomo umevimba, ameleta farasi na joho kama ilivyo desturi yetu. Anayelivaa amesamehe. Baba yako akageukia ukutani, akasema mwanawe ndiye atakayejibu, kwa moto.

Nikasema, "Lete hapa hilo joho."

"Mama, hili la mwanaume," Jolchu akasema.

"Na hayo meno umeng'olewa na mwanaume?"

Wazee wakacheka, hata yeye, kwa uchungu. Nikalivaa. Linaburuzika chini, lakini nimelivaa, na baba yako hakuthubutu kunivua.

Basi ukimgusa Jolchu, umemvua bibi yako nguo mbele ya kijiji kizima. Ukija, njoo peke yako, mikono mitupu. Nyasi za kulisha mifugo majira ya baridi hazijakatwa, na baba yako sasa, kwa jicho moja, anapiga fyekeo pembeni ya nyasi.

Nisalimie binamu yako Erkin na mkewe. Mungu akurudishe na macho yako yote mawili.

Bibi yako, akupendaye hata akikugombeza,
Sayrakan