Shukrani Yako Niliyoipokea Mimi

Mpendwa Kabange, mdogo wangu wa tumbo moja na siku moja,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungeanza kulia, na mimi ningekata. Kuku na unga uliotuma kutoka Sakania vilifika salama, nami nilivipeleka parokiani Jumapili, vitolewe kama shukrani kwa ajili ya mtoto wako, kama ulivyoniomba. Kilichotokea huko ndicho kinachonisumbua.

Unakumbuka tulivyolelewa. Mama alikuja Lubumbashi na desturi zake zote za Mitwaba: pacha akipewa kitu peke yake, mwenzake ataugua. Kwa hiyo viatu pea mbili, vikwembe, yaani vitenge, viwili vya rangi moja, hata pipi ilivunjwa kwa jino. Mtu akikusifu wewe, Mama alimzuia mlangoni mpaka anisifu na mimi. Mmoja wetu akishikwa na homa, tulipakwa sote wawili pemba usoni, ule udongo mweupe. Wewe ukakua ukiogopa kupewa chochote. Kijana wa kwanza aliyekuja kukuposa ulimkataa kwa sababu mimi sikuwa na mchumba, na kusema kweli nilifurahi.

Kisha ikaja ile Alhamisi ya kikundi cha maombi, kule Katuba. Nilikuwa nimekaa kando yako. Ukasimama peke yako, ukalia, ukasema mbele ya watu wote: "Yesu alinifungula. Siogopi tena kintu." Watu wakapiga makofi. Mimi niliona wivu, nikakalia mikono yangu. Miaka yote hiyo naimba korali, misa sikosi, halafu Yesu anakuita wewe!

Wiki hiyo hiyo nikaugua kweli. Mama akatoa pemba, wewe ukakataa kupakwa. Ulisonga bukari, ukakaa kitandani kwangu, ukanilisha kwa mkono wako, nami nikakuuliza, "Na fungu yangu?"

"Yaya, haina kintu ya kukata mbili," ukaniambia, kwa lile jina la dada mkubwa. "Yesu iko na yako. Umuombe weye mwenyewe."

Sikumwomba. Nilinuna. Ukaolewa, ukahamia Sakania, sasa umezaa, na mimi bado niko nyumbani kwa Mama.

Basi, Jumapili. Wakati wa matoleo nilicheza hadi altareni na kuku wako kwapani. Padri, ambaye tangu atubatize hajawahi kututofautisha, akafurahi sana.

"Kabange! Ulirudia! Mutoto iko namna gani?"

Nilipaswa kumwambia hapana. Nikasema, "Iko muzima, Padri."

Akaniwekea mikono kichwani, akaliombea tumbo langu na nyumba yangu ya Sakania. Kanisa zima likapiga vigelegele. Baraka zile nilizimeza zote, Kabange, kama mtu aliyeshinda na njaa.

Nikarudi nyumbani moyo mtupu. Hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nikafunga mlango wa chumba, nikamwambia Yesu kila kitu, tena kwa hasira: kwamba namwonea mdogo wangu wivu, kwamba picha ya mtoto wake inanichoma, kwamba hata Yeye mwenyewe nimemkasirikia kwa kumwita Kabange kwanza. Niliongea hadi sauti ikakauka. Kisha nikakaa nikingoja kuugua, kwa sababu baraka zote zilikuwa zako, na ndivyo tulivyozoeshwa. Sikuugua. Siku ya tatu, nikiosha sahani, nikajikuta nasema asante, na hofu haikuwapo tena.

Leo asubuhi nimekwenda kumwona padri. "Miye hapana Kabange, Padri. Niko Kyungu. Nilikudanganya." Alicheka mpaka akavua miwani. Jumapili ijayo shukrani yako itasomwa upya kwa jina lako. Akaniuliza kama na mimi nina ya kwangu. Nikamwambia ninayo.

Usidhani wivu umekwisha. Hapa ninapoandika naona ulivyobahatika na moyo unauma. Lakini nashukuru, Kabange, nashukuru kweli. Watu wote wakiniona peke yangu, kitu cha kwanza ni kuniuliza mwenzangu yuko wapi. Lakini Yesu, nilipomwaga maovu yangu yote mbele yake siku ile, hakuniuliza hivyo.

Mkubwa wako kwa dakika chache,
Yaya Kyungu