Mgonjwa Bila Jina

Kaka yangu uliye mbali,

Huku mvua haijakatika, na paa la jikoni bado linavuja. Ile programu yangu ya hospitali imeanza kazi. Darasa la Mgonjwa, yaani kiolezo cha kusajili kila mgonjwa, nililoandika kwa lugha ya kompyuta ya Python lilidai jina na tarehe ya kuzaliwa, basi kwa wanaookotwa barabarani nikaongeza mbinu ya darasa, yaani njia ya pili ya kusajili, niliyoiita bila_jina, inayomuunda mgonjwa kwa namba ya kitanda tu.

"Umewafungulia mlango wa uani," muuguzi alinitania.

Jana aliniita nimwone mmoja aliyesajiliwa hivyo. Nikamkuta mama yetu, tuliyekuwa tukimtafuta tangu alipotoka nyumbani bila kuaga. Nililiandika jina lake, nikamsomea.

"Huyo simjui," akasema. "Na wewe binti, ni wa nani?"

Njoo, kaka. Nimeishiwa nguvu.

Mdogo wako