Mbuzi Aliyeitwa Yaya

Bel-Air, Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Goti lako linasemaje siku hizi? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inauma.

Umeuliza habari za mbuzi uliyenitumia. Wamemla, Mama.

Unakumbuka nilimpeleka kwenye kituo ninakofanya kazi, kwa watoto waliopatwa na makubwa. Kabedi, msichana wa miaka saba, hakuwa amesema neno tangu udongo wa machimbo umfukie mama yake. Tulijaribu nyimbo, michoro, peremende, wapi. Siku moja nikamkuta anamlisha mbuzi maganda ya ndizi huku anamnong'oneza. Alimwita Yaya, kama watoto wa huku wanavyomwita dada mkubwa. Tangu hapo akawa anamsimulia kila kitu, nasi tukaamini mtoto anarudi.

Mkurugenzi akaandika Ulaya kuomba msaada, kwamba kwetu watoto wanaponeshwa na wanyama. Wakajibu wanakuja kuona. Asubuhi ya siku waliyotua uwanja wa ndege wa Luano, namkuta mpishi ananoa kisu.

"Directeur, iko uyu ndio banakuya kuangalia," nikamwambia mkurugenzi aliyesimama kando yake.

"Bageni batoke mbali vile, tubapatie sombe, majani ya mihogo tu? Mbuzi iko mbuzi. Tutatafuta ingine."

Nililia mbele ya mpishi bila aibu. Wakaleta mwingine kutoka Kipushi, rangi ileile, wakamfunga shingoni kitambaa chekundu cha Yaya.

Wageni walipoketi, Kabedi akasukumwa mbele. Akamshika mbuzi masikio, akamnusa, akageuka kututazama.

"Uyu haiko Yaya," akasema.

Wageni hawajui Kiswahili. Walichosikia ni kwamba bubu amesema, wakapiga makofi. Mkurugenzi naye alipiga, na yeye alielewa. Kisha wakaitwa mezani, wakaisifu nyama.

Msaada umekubaliwa. Kabedi hajafungua kinywa tena, na yule mbuzi mpya hamtazami hata akipita mbele yake. Nina hasira mpaka leo.

Tafadhali usinitumie mbuzi mwingine.

Nisalimie baba, na shangazi anayekukanda goti. Nisalimie hasa mjomba, aliyemshika Yaya kamba njia nzima kwenye treni kutoka huko Kongolo. Akiuliza, mwambie mbuzi wake alipata mdogo wake huku, Kabedi, na kwamba huyo mdogo bado anamngoja.

Binti yako,
Ngoie